Nilikwenda Kanisani Kutafuta Viatu

Siku ya kwanza kumwona alikuwa amevaa mabuti meupe ya mpira, namba arobaini na tatu, la kushoto limepasuka pale vidole vinapojikunja. Uso wake niliutazama baadaye. Mimi ni fundi viatu, na tangu utoto naona haya kumkazia mtu macho, kwa hiyo watu wengi nawajua kuanzia chini. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa hospitali, ule wa chuma uliopakwa rangi ya kijani, na nilikuwa nimemletea mfuko.

"Nguo za mama?" akauliza.

"Ndiyo."

"Zimetimia?"

Nikamtajia kimoja kimoja. Gauni la bluu, kilemba chake, nguo za ndani ambazo binti yangu alizikunja ndani ya karatasi nisizione, na viatu. Nilipofika kwenye viatu nikaonyesha kwa kidole.

Vilikuwa vya ngozi ya kahawia, kisigino kifupi, mkanda mmoja juu na bizimu ndogo ya shaba. Nilimshonea mke wangu kwa mkono wangu miaka minne nyuma, kwa ajili ya harusi ya binti yetu. Soli niliipitisha uzi mara mbili, sikuibandika kwa gundi tu kama ninavyowafanyia wateja wenye haraka. Alivivaa siku mbili basi. Alisema vumbi letu halina adabu ya kukutana na viatu kama vile.

Yule mhudumu wa mochwari alitoa kiatu kimoja mfukoni, akakigeuza, akaitazama soli. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono taratibu, kutoka kisigino hadi ncha.

"Kazi ya nani hii?"

Nikatazama mabuti yake. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, alikuwa pembeni yangu na yeye maneno hayamshindi popote.

"Yake mwenyewe huyu hapa. Kwani vipi?"

"Hakuna kitu," mhudumu akasema. Akarudisha kiatu mfukoni, akaingia, mlango ukajifunga.

Tukiwa njiani shemeji akaniuliza, "Umemwona alivyovitazama? Kama mtu aliye dukani."

Neno lile likanikaa.

Kesho yake jeneza likaletwa nyumbani. Watu walipita mmoja mmoja wakamtazama mke wangu usoni. Ilipofika zamu yangu binti yangu alinijua, akawaomba watu watoke sebuleni kwa dakika chache. Labda mume mwingine angeanza na uso. Mimi nilikwenda miguuni. Niliinua kile kitambaa cheupe upana wa kiganja, nikaona soksi. Soksi za sufu, nene, za kijivu, zenye mstari mwekundu juu. Kiatu hakikuwepo. Ilivyokuwa nene ile sufu, miguu ilionekana kama ya mtu mwingine.

Mke wangu hakuwahi kuvaa soksi katika miaka ishirini na sita niliyoishi naye. Alisema zinamtia usingizi mchana.

Nilikirudisha kitambaa haraka kama mtu aliyefumaniwa. Nje watu walikuwa wanasubiri, magari yamewashwa. Ningesema nini, mbele ya watu mia? Tukaenda tukazika.

Nilimwambia shemeji peke yake, baada ya siku tatu.

"Nilisema!" Akapiga goti lake kwa kofi. "Wale wanang'oa hata meno, kaka. Twende sasa hivi nikamkamate shati."

"Hapana. Nitakwenda mwenyewe."

"Wewe? Wewe hata chenji unaogopa kudai."

Alisema kweli. Nilikwenda hadi kwenye mlango ule wa kijani mara mbili, na mara zote mbili nilijifanya nimepotea njia. Nikarudi kibarazani pangu, pale kando ya saluni, nikakaa kwenye kigoda mbele ya viatu vya watu vilivyojaa hadi kwenye ngazi. Nilikuwa siwezi kufanya kazi. Nikichukua msharasi, ile sindano yetu nene ya kutobolea ngozi, naona mshono mara mbili na kidole gumba kinapita juu yake. Chakula nilikula nimesimama, mkate mtupu, kwa sababu nikikaa mezani kulikuwa na kiti cha pili. Shida yangu haikuwa ngozi ile. Shida ilikuwa kwamba nilimkabidhi mke wangu kwa mtu, na sikujua nilimkabidhi kwa nani.

Jumapili ya tatu baada ya mazishi nilikuwa napeleka viatu kwa mteja, nikapita mbele ya kanisa lililokuwa zamani ghala la unga. Mlangoni alisimama mzee mmoja, shati jeupe, suruali iliyopigwa pasi mpaka mstari unakata. Kiatu cheusi cha kamba, namba arobaini na tatu, cha kushoto kimelika upande wa nje. Mwendo ule niliujua. Nikainua macho. Ni yeye, yule wa mlango wa kijani.

Alikuwa anawakaribisha watu. "Karibu mama. Karibu kijana, leo umewahi, kuna nini?" Watu wanacheka wanaingia. Lakini niliona jambo moja: hakumpa mtu mkono. Mkono wa kulia aliuweka kifuani, kama anauzuia usitoroke. Wengine walimtangulizia wao mkono, akaupokea. Wengine walipita tu. Nikajiambia, mtu anayeficha mkono wake ana sababu.

Akaniona. Hakushtuka.

"Karibu, Fundi," akasema.

Ningeweza kuondoka. Lakini nilifikiri hivi: mwizi wa viatu hatavivaa yeye, vya kike vile. Atampa mke wake, au dada yake, au atamuuzia mmoja wa hawa. Na hawa wote wako humu ndani, wamekaa, miguu imetulia. Wapi pengine nitapata nafasi ya kukagua miguu mia mbili kwa saa mbili bila kuulizwa? Nikaingia.

Nilikaa nyuma, kwenye kiti cha plastiki, nikainamisha kichwa, nikaanza safu ya mwisho. Ndala. Raba. Kisigino kirefu kilichogongomelewa vibaya, misumari inaonekana. Sikufika mbali, mtu akaketi kando yangu. Mama mnene, kandambili za ngozi, visigino vimechanika.

"Mimi nimepewa wewe," akanong'ona.

"Umepewa nani?"

"Wewe. Jumapili saba. Usiogope, siumi."

Baadaye nilielewa. Kanisa lile lina utaratibu wake. Mtu akija na msiba mpya hasimamishwi kujitambulisha, wala hafuatwi na maswali. Anapewa mtu mmoja wa kukaa naye kwa Jumapili saba, kiti kwa kiti, mtu yule yule. Wenyewe wanaita kukaliwa. Yule mama alikuwa anauza nyuzi na vifungo sokoni, kwa hiyo watu walimwita Mama Vifungo, hata mchungaji. Lakini siku ile mimi sikuelewa hivyo. Nilielewa kwamba Mzee wa Mlango, ndivyo walivyomwita, amenitambua na ameniwekea mlinzi.

Jumapili yangu ya pili mle nilimaliza safu nne. Jumapili ya tatu nilifika katikati ya ukumbi, nikawa nasogeza kichwa kidogo kidogo ili nione chini ya viti, mara nikasikia mchungaji anasema juu ya unyenyekevu. "Kuna ndugu yetu mmoja hapa," akasema, "hii ni wiki ya tatu. Hajainua kichwa tangu aingie. Tujifunze."

Watu wakageuka. Nilitamani sakafu inimeze.

Mama Vifungo alikuwa anatetemeka mabega. "Ndugu mnyenyekevu," akaninong'oneza, "ukishamaliza miguu ya wenzako, unitazamie na yangu. Hii ya kulia inaniuma."

"Sitazami mtu."

"Haya baba, hutazami."

Ndipo nilipoona kilichokuwa mapajani mwake. Alikuwa anafuma, chini chini, huku mahubiri yanaendelea. Sufu ya kijivu. Na kando yake kibonge kidogo cha sufu nyekundu.

"Unamfumia nani?"

"Watu wasio na haraka."

"Watu gani?"

Akanitazama kwanza, utani ukamtoka usoni. "Za mochwari, Fundi. Mzee wa Mlango ametuomba. Anasema wengi wanafika bila kitu miguuni. Sasa tunafuma, wamama sita. Mstari mwekundu nimeubuni mimi, ili wasionekane kama wafungwa."

Mtu mwingine angeguswa na maneno yale. Mimi nilihesabu. Wamama sita wanafuma soksi, mzee anazipeleka kwenye mlango wa kijani, soksi zinaingia, viatu vinatoka. Kwa hiyo si mtu mmoja. Ni genge, na lina kwaya.

Sikuwa na haja ya kufikiri zaidi, kwa sababu jibu lilikuja lenyewe Jumapili iliyofuata kwenye matangazo. Kanisa lilikuwa na kabati kubwa chumba cha nyuma, limejaa viatu vilivyotolewa na watu kwa ajili ya wahitaji, na vingi vimeharibika. Je, kuna mtu anayeweza kuvipanga na kuvitengeneza?

Viatu. Kabati. Chumba cha nyuma. Nilinyoosha mkono. Tangu nilipomaliza darasa la saba sikuwa nimenyoosha mkono mbele ya watu. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na Mama Vifungo akanipiga begani mpaka kiti kikalia. Nilipotazama mlangoni, Mzee wa Mlango hakuwa anapiga makofi. Alikuwa ananitazama tu, mkono kifuani.

Jumamosi nikaenda na kisanduku changu cha kazi. Kabati lile lilikuwa na pea thelathini na nane na vingine tisa visivyo na mwenzake. Nilipanga vyote sakafuni, cha kike huku, cha kiume kule. Vya kahawia vilikuwa sita. Hakuna kilichokuwa changu. Nikasema moyoni, vya juu ni vya kuonyesha, vizuri vitakuwa vimefichwa chini kwenye magunia. Lakini magunia yalifungwa, na wamama wa usafi wanaingia na kutoka, na siwezi kupekua kwa uwazi. Ikabidi nitengeneze. Nikitengeneza pea moja, nafungua gunia kidogo.

Nikarudi Jumamosi ya pili, na ya tatu. Wale wamama walikuwa wakimaliza kupiga deki wanaleta chai, wanakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, wanazungumza kama sipo, jambo ninalolipenda sana kwa watu. Kisha wakaanza kuleta vyao. "Na hiki nacho, Fundi, kwa kuwa umeshakaa." "Fundi, hiki kinacheka, kizibe mdomo." Mmoja alileta kiatu cha mume wake, nikakishika tu nikasema, "Huyu anaburuta mguu akiitwa kazini." Walicheka hadi mmoja akaanguka kwenye ndoo. Na mimi nikacheka. Kilipotoka kicheko nilishtuka, nikageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yangu.

Binti yangu alinipigia simu toka kwa mumewe, kama kila Jumamosi.

"Baba, umekula?"

"Nimekula kanisani."

"Kanisani? Wewe?"

"Nafanya uchunguzi."

"Uchunguzi wa nini, baba?"

"Nikimaliza nitakwambia."

"Basi usimalize haraka," akasema. "Sauti yako imerudi."

Shemeji ndiye aliyechoka kungoja. Alikuja kibarazani siku ya Ijumaa, akasimama juu ya viatu vya wateja. "Wiki ya saba hii, kaka. Umepata au hujapata? Kama unaogopa, Jumapili mimi nasimama katikati ya ibada nasema yote. Namtaja kwa kazi yake. Tuone kama watamwacha pale mlangoni."

"Nipe mpaka Jumapili."

"Unawatetea?"

Nilishindwa kumjibu, na kushindwa huko kukanisumbua. Mtu akisimama na kupiga kelele mle ndani, nitarudi tena kwenye ule mkate wa kusimama. Na nikikaa kimya huku mke wangu ameibiwa, nitakuwa nimemuuza kwa kikombe cha chai.

Jumamosi ile gunia la mwisho liliisha saa kumi jioni. Wamama walikuwa wameondoka. Nilikuwa napiga msumari wa mwisho kwenye kisigino, nikaona mlangoni kiatu cheusi cha kamba kilicholika upande wa nje.

"Hiyo ndiyo ya mwisho," akasema Mzee wa Mlango.

"Ndiyo."

"Na havimo."

Nyundo ikabaki juu. Alivuta ndoo moja akaipindua, akakaa mbele yangu, mbali kidogo, mikono kati ya magoti. Mikono yake ilikuwa safi kupita kiasi, kucha zimekatwa hadi kwenye nyama.

"Vya kahawia," akasema. "Mkanda mmoja, bizimu ya shaba. Nilikuona siku ya kwanza ulivyokuwa unatazama miguu ya watu. Nikasema huyu atauliza leo. Hukuuliza. Nikasema Jumapili ijayo."

"Umevipeleka wapi?" Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Subiri nikueleze kuanzia mwanzo, Fundi. Nimefanya kazi ile miaka ishirini na nane. Niliajiriwa kufagia. Siku moja aliyekuwa mochwari hakuja, wakaniambia shika hapa, nikashika, hawakuniambia acha. Mke wangu ananiogesha nje kwenye bomba kabla sijaingia ndani, mpaka leo. Watoto wangu wakiulizwa baba anafanya wapi, wanasema hospitali, wanaishia hapo. Sawa. Sasa pale kazini, kiatu kikikataa kuingia, tunakichana nyuma kwa wembe, kwenye kisigino. Mguu unaingia, ukiangalia mbele huoni kitu. Kila mahali wanafanya hivyo. Nimechana vingi, sikudanganyi."

"Vyangu haviwezi kukataa," nikasema. "Nina kalibu ya mguu wake, ule mfano wa mti. Nilimpima mwenyewe."

Alitazama sakafu, na kwa kuwa hiyo ni tabia yangu mimi, niliielewa.

"Miguu ilikuwa imevimba, Fundi," akasema taratibu. "Na si ya juzi. Ngozi ilishavutika ikang'aa. Ule ulikuwa uvimbe wa miezi."

Nataka nieleze vizuri hapa. Mke wangu aliugua figo nusu mwaka. Katika miezi ile alianza kuvaa ndala zangu. Namtania, "Mke wangu, sasa unanipora hata ndala," naye anacheka anasema zake zimempa talaka. Hospitali alikaa wiki tatu, shuka limemfunika hadi kifuani. Mimi ninayemjua mtu kwa kisigino chake sikuinua lile shuka hata siku moja. Sikutazama. Nadhani nilijua kwamba nikitazama nitaelewa.

"Nilishika wembe," Mzee wa Mlango akaendelea. "Mwenzangu akasema chana, unangoja nini, gari linakuja. Nikautazama ule mshono. Mtu amepitisha uzi mara mbili mahali ambapo hakuna atakayeona. Mkono ukakataa. Nikamwambia mama, samahani mama, leo utavaa soksi. Huwa nazungumza nao. Nikamvisha. Viatu nikavilaza chini ya kile kigodoro cha jeneza, chini ya miguu yake, vimeelekeana. Viko naye."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Pale mlangoni? Mbele ya yule shemeji yako? Niseme, fundi viatu, viatu vyako havimwingii mkeo?" Akatikisa kichwa. "Nimeona wanaume wakianguka kwa maneno mepesi kuliko hayo. Nikasema akija atauliza, nitamwambia tumekaa. Ukaja. Wiki saba uko nasi, mpaka unatengeneza viatu vya maskini, hutaki kuuliza."

Nikamtazama. Usoni kabisa, mpaka macho yakaniuma. Sina ushahidi, nilijiambia. Hakuna atakayefukua kaburi. Mtu anaweza kupanga maneno mazuri kwa wiki saba. Nilimtafuta mwongo katika uso ule kwa muda mrefu, yeye ametulia tu, anaacha atafutwe. Hakuapa. Angeapa, nisingemwamini. Na nikafikiri pia kwamba mwizi angeniambia viatu vilimwenea. Ingekuwa rahisi kwake na kwangu pia. Huyu alikuwa ameniambia jambo ambalo hakuna mtu angelibuni kunifurahisha.

Nikamnyooshea mkono.

Aliutazama, wenye gundi nyeusi kila mahali. Kisha akaufuta wake kwenye suruali, pande zote mbili, ingawa ulikuwa safi kuliko wangu, ndipo akaushika. Ulikuwa wa moto. Sijui kwa nini nilitegemea uwe baridi.

Kuhusu machozi yaliyofuata sitasema mengi. Alikaa kwenye ndoo yake mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama gundi ile inashika mpira, kwa sababu buti lake la kazini limepasuka.

"La kushoto," nikasema. "Kwenye kunjo la vidole."

"Umelionea wapi?"

"Siku ile."

Kesho yake asubuhi nilimpitia shemeji nyumbani kwake kabla hajavaa.

"Viko naye," nikamwambia. "Chini ya miguu. Havikumwingia, miguu ilikuwa imevimba."

"Nani kasema? Yule yule?"

"Yeye."

"Na umeamini?"

"Nimeamini."

Alinikazia macho, na mimi sikuinama. "Ilikuwa imevimba sana?" akauliza mwishowe, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikaona kwamba na yeye hakuinua lile shuka.

Jumapili saba zangu zilikwisha. Wiki ya nane niliingia nikakaa peke yangu, nikajiona kama mtu aliyeachwa uchi, mara Mama Vifungo akatokea na sufu yake.

"Zamu yako imekwisha," nikamwambia.

"Najua. Nimekuja kama mtu binafsi. Sogea."

Nilianza kuinua kichwa. Mchungaji alisikitika kidogo, nadhani. Baada ya miezi michache Mzee wa Mlango akaniomba nisimame naye pale mlangoni, upande wa kushoto. Nikamwambia mimi nikikaribisha watu watakimbia. Akasema hawa hawakimbii ovyo, wewe simama tu. Nikasimama. Kazi yenyewe niliifanya kwa njia yangu: "Karibu mama, hiki kisigino kisikuangushe njiani." Watu walicheka wakaingia, hivyo hivyo nikazoea. Kati ya mtu na mtu alikuwa akinisimulia mambo yake. Kwamba haimbi kwa sababu kule kazini amezoea kunong'ona. Kwamba wako wanaomkumbuka, wanaingia kwa mlango wa pembeni wasipite mbele yake, na yeye huwa anajifanya anapanga viti ili wapate nafasi ya kupita. Hakulalamika. Alisema uso wake umewakuta watu siku mbaya kuliko zote, hawezi kuwadai waupende.

Tulisimama pale pamoja karibu mwaka na nusu. Siku ya Jumatano moja alianguka bafuni kwake, presha, akapelekwa hospitali ile ile, safari hii kwa mlango wa mbele, na hakurudi. Msiba wake sitausimulia. Nitasimulia Jumapili iliyotangulia, kwa kuwa sikumwona tena baada ya hapo.

Ibada ilikuwa imeshaanza, kwaya inaimba. Tulikuwa tunataka kufunga mlango. Nje, ng'ambo ya lango, juani, alisimama mama mmoja wa makamo. Viatu vyeusi vya wazi, vipya, vimenunuliwa kwa haraka, vinambana kidole kidogo. Mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Alikuwa anamtazama Mzee wa Mlango, na mtazamo ule niliujua wote, kwa sababu niliwahi kuubeba mwenyewe: wewe ni yule, unafanya nini hapa, umenifuata?

Mzee alirudi nyuma hatua moja, akaingia kwenye kivuli cha mlango mpaka shati lake jeupe likapotea. Akanigusa kiwiko.

"Nenda wewe, Fundi," akaninong'oneza. "Mimi uso wangu ameshauona mahali pabaya."